Dakika 25 za Jua: Mwongozo wa Kutoka na Simu, Nguo Zako na Nauli

Kila wiki wanaoziona picha zangu huniuliza maswali yale yale matatu. Unatumia simu gani? Hiyo nguo umeitoa wapi? Hapo ni wapi, mbona sipajui? Hili la tatu ndilo hunichekesha, maana mara nyingi anayeuliza ni mtu wa Kisumu hapa hapa, na pahali penyewe ni ukuta wa duka analolipita kila siku akienda kupanda matatu.

Simu yangu ni ya kawaida, ina ufa kwenye kona. Nguo zangu nyingi ni mitumba ya soko la Kibuye. Kilichobaki ni saa. Nilipoanza kupanga matembezi yangu kwa kufuata jua badala ya kufuata nilipoamka, picha zilibadilika, na baada ya picha hata namna ninavyovaa siku za kazi ikabadilika.

Mwongozo huu ni wa anayeanza. Una simu, una nguo kabatini ulizozichoka, una siku moja ya mapumziko. Ukirudi jioni uwe na picha kama kumi unazozipenda, na wazo moja la kuvaa Jumatatu ambalo Ijumaa hukuwa nalo. Nimetumia Kisumu na majirani zake kwa sababu ndiko ninakoishi. Watu wa Nakuru nanyi nimewawekea aya yenu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Simu yenye chaji na nafasi ya picha kama 300. Futa zile video za vikundi usiku wa kuamkia safari, si ukiwa tayari umesimama ufukweni.
- Pawabanki, ya kuazima ikibidi.
- Kipande cha fulana kuukuu ya pamba, kisafi, cha kufutia lenzi.
- Karatasi moja ya manila nyeupe kutoka duka lolote la vitabu vya shule. Kazi yake utaiona hatua ya 5.
- Nguo seti mbili: moja mwilini, moja begini. Ukibeba tano utashinda ukibadilisha.
- Leso. Utaikalia, utajifunika nayo ukibadilisha shati, utajitanda upepo wa ziwa ukianza, na ukutani itakuwa pazia.
- Pesa ndogo ndogo. Pana viingilio, pana choo cha kulipia, pana mama wa samaki ambaye hana chenji ya elfu moja.
- Maji, na mwavuli hata kama kumekucha kweupe.
- Mtu wa kwenda naye. Si lazima ajue kupiga picha. Kazi yake kubwa ni kukuangalizia begi.

Hatua ya 1: Tafuta saa kabla ya kutafuta mahali

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo karibu kila mtu anapokosea, na mimi nilikosea kwa miaka.

Tunaishi karibu kabisa na ikweta. Mstari wenyewe unapita Maseno, na alama yake iko kando ya barabara ya kwenda Busia. Kwa hiyo jua letu haliteremki kwa mshazari likijivuta. Linadondoka wima, kama embe bivu. Jua hutembea nyuzi 15 kwa saa, na ule mwanga wa rangi ya asali unaoutafuta huja likiwa chini ya nyuzi 6 hivi kutoka upeo wa macho. Piga hesabu: ni dakika 24. Mimi huongeza moja ya bahati.

Mafunzo mengi ya picha yanasema juu ya "saa ya dhahabu". Walioyatengeneza wengi wako mbali na ikweta. London mwezi wa Juni mwanga huo hukaa karibu mara mbili ya wetu. Ukiishi kwa saa yao, utakuwa bado unafunga kamba za viatu giza likiingia.

Kisumu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 na saa kumi na mbili na dakika 50 asubuhi (simu itakuandikia 6:20 hadi 6:50). Jioni huzama kati ya 6:28 na 6:59. Mapema Novemba ndipo linapowahi zaidi, katikati ya Februari ndipo linapochelewa zaidi. Programu ya hali ya hewa iliyo kwenye simu yako ina saa hizo za kila siku. Ya jioni, toa dakika 25, hapo ndipo unapoanza kupiga. Toa saa nzima, hapo ndipo unapotakiwa uwe umeshafika. Likishazama una dakika 10 hadi 15 za mwanga laini wa samawati usio na kivuli, mzuri sana kwa uso, kisha basi. Hakuna jioni ndefu huku kwetu.

Jambo jingine. Adhuhuri yetu haiko saa sita kamili. Saa ya Kenya imewekwa kwa longitudo ya nyuzi 45, ambayo iko mashariki ya nchi nzima, kwa hiyo Kisumu jua hufika utosini karibu 12:40. Mwanga mkali unaochimba macho mashimo huanza kama saa nne na nusu na hauondoki mpaka karibu saa tisa. Hizo ndizo saa za kukaa kivulini, kula samaki na kuchagua nguo.

*Angalizo:* mwenzako akikuonyesha picha ya jua likizama katikati kabisa ya ziwa, muulize aliipiga mwezi gani. Juni jua huzama kaskazini kidogo ya magharibi, Desemba kusini kidogo. Utasimama pale pale aliposimama na ulikute nyuma ya mti.

Hatua ya 2: Chagua mahali panapokubaliana na saa uliyo nayo

Huna haja ya mahali papya. Unahitaji mahali panapofaa saa hiyo.

*Una jioni tu.* Nenda ufukwe wa Dunga. Ni karibu na mjini, tuktuk au bodaboda itakufikisha. Kuna mitumbwi iliyopakwa rangi kali, mafunjo marefu, nyavu zilizoanikwa, na maji yanayorudisha mwanga usoni mwako toka chini, jambo ambalo studio hulipia taa kulipata. Usikazane na jua lenyewe. Geuka ulipe ziwa uso, uache liwe nyuma ya anayekupiga. Na kiboko si pambo: jioni hutoka majini kwenda kula majani, na mtu anayesimama kati yake na maji hana hoja ya kujitetea. Wenyeji wa hapo wakikuambia usisogee zaidi, usisogee. Ukipanda boti, vaa jaketi la kuokolea hata kama linaharibu picha.

*Una asubuhi nzima.* Kit Mikayi, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Bondo, kama kilomita 30 hivi. Ni mawe makubwa yaliyopandana, yanakwenda juu kama mita 40. Kwa Dholuo jina lina maana ya jiwe la mke wa kwanza. Husimuliwa mzee aliyependa kushinda pale hadi mkewe akiulizwa mume yuko wapi akawa anajibu, ameenda kwa mke wake wa kwanza. Jua la asubuhi hulamba mawe kwa ubavu na kila mkunjo unaonekana. Safari yangu ya kwanza nilifika saa saba mchana na gauni jeusi. Nilipiga picha zaidi ya 200. Hakuna hata moja niliyobakiza: mawe meupe kama chaki, gauni kama tundu, na mimi macho siyaoni. Kumbuka pia kwamba watu huja pale kusali, wakiwemo waumini wa kanisa la Legio Maria. Ukikuta maombi, subiri au zunguka upande mwingine. Hayo si mandhari ya nyuma yako.

*Una mchana tu.* Baki mjini. Maduka ya zamani kando ya Oginga Odinga Street yana vibaraza vyenye paa. Simama ndani ya kivuli, hatua moja kutoka mpaka wa jua, uso ukielekea barabarani. Mwanga unaogonga lami na kuta za upande wa pili unakurudia ukiwa umelainika. Hapa ndipo penye ule ukuta ninaoulizwa.

*Una mchana na nauli zaidi.* Msitu wa Kakamega. Huu ndio unaovunja kanuni yangu: alfajiri ndani ya msitu ni giza tu, bali kuanzia saa nne jua likipanda, majani yanalichuja na kulimwaga vipande vipande. Siku ya mawingu ni bora zaidi. Tatizo lake ni ukijani, kwa maana kila kitu kinakupaka rangi ya majani mpaka kidevuni. Vaa njano au damu ya mzee, usivae kijani. Na uwe umemaliza kabla ya saa nane, mvua ya Kakamega haiko mbali mchana.

*Mko Nakuru.* Toeni dakika tano kwenye saa zangu zote, mko mashariki yetu. Mnayo Menengai, lile shimo kubwa la volkeno, na ukingo wake sehemu za juu umepita mita 2,200, kwa hiyo asubuhi ni baridi ya kweli. Sweta liwe sehemu ya vazi tangu nyumbani, msilivae juu ya gauni mkitetemeka. Nendeni kikundi, na mtu asirudi nyuma kinyumenyume kutafuta picha pana. Ukingo ni ukingo.

Hatua ya 3: Fika, usipige

Dakika 15 za kwanza simu ikae mfukoni. Najua ni vigumu. Tembea, salimia watu. "Oyaore" asubuhi, "oimore" jioni, hata kama Dholuo yako inaishia hapo. Halafu jiulize swali moja tu: ni rangi gani tatu zilizo nyingi hapa?

Dunga nilipata bluu ya boti iliyochujuka, kijani cha mafunjo, na kahawia ya ubao uliolowa. Stendi ya matatu nilipata manjano, kijivu, na nyekundu ya matandiko ya pikipiki. Sasa toa simu, piga picha tatu, kila rangi na yake, kwa karibu kabisa mpaka kitu chenyewe kisitambulike. Ziweke kwenye albamu moja. Mimi ninazo kama 80 sasa, na ndizo ninazozifungua asubuhi nikiwa sijui nivae nini. Kahawia ya ubao na bluu iliyochujuka: nikaenda kazini na sketi ya kahawia na shati la bluu vilivyokuwa kabatini mwaka mzima havijawahi kukutana.

Ukiniuliza ilhamu hutoka wapi, sina jibu la maana kuliko albamu hiyo.

Hatua ya 4: Nguo

Kanuni zangu ni chache. Mahali penye fujo, kama soko au stendi, vaa kitu kisicho na maua. Mahali patulivu, kama mawe, maji au ukuta mtupu, hapo ndipo kitenge chako kipige kelele. Kitenge cha maua makubwa katikati ya soko la Kibuye ni sawa na kujificha. Uwe pia na kitu kimoja kinachocheza na upepo, mtandio au sketi pana, maana mchana ziwa huvuma kuja nchi kavu na hiyo ni zawadi ya bure.

Kama ni kununua, Kibuye siku yake kubwa ni Jumapili. Wauza mitumba wana neno: zile nguo za kwanza kuchaguliwa robota likifunguliwa huitwa kamera, na zinazobaki mwisho kabisa huitwa fagia. Wengi hukimbilia kamera. Mimi ni mtu wa fagia. Kwenye fagia ndiko ziliko nguo ambazo hazifanani na za mtu mwingine, na fundi wa cherehani wa pale pale anakupunguzia kiuno huku unangoja.

Kabla ya kulipa, itoe nguo nje ya turubai. Turubai la bluu hufanya nyeupe ionekane safi kuliko ilivyo na hudhurungi ionekane kijivu. La rangi ya chungwa hufanya kila kitu kiwe cha kupendeza, na pengine si kwa bahati mbaya. Mwambie muuzaji, "Mama, naomba niione juani," hakuna atakayekukatalia. Iinue juu mbele ya jua: matundu, kuchakaa kwa kwapa na wembamba wa kitambaa vyote vitajionyesha. Angalia zipu. Nusa.

*Angalizo:* nyeupe tupu na nyeusi tupu si za anayeanza. Simu ikiona shati jeupe juu ya ngozi nyeusi inachanganyikiwa. Aidha uso unazama au shati linaungua. Anza na rangi za katikati: udongo, haradali, bluu ya jinzi, zambarau.

Hatua ya 5: Jiweke kwenye mwanga

Nyosha mkono mbele yako, ngumi imefungwa, mgongo wa mkono ukuelekee. Zunguka polepole mduara mzima, macho kwenye mkono. Utaona mahali ambapo vifundo vinaonekana kama milima, kwa vivuli vikali, na mahali ambapo ngozi inang'aa laini bila doa. Hapo pa pili ndipo pako, na upande ambao mgongo wa mkono umeutazama ndio uso wako unaotakiwa kuutazama. Zoezi hili lifanye mlangoni kwako kesho asubuhi kabla ya chai na utaelewa zaidi ya maelezo yangu yote.

Halafu tazama ulichokanyaga, maana ardhi nayo ni taa. Udongo mwekundu wa Vihiga na Kakamega hurudisha joto zuri chini ya kidevu. Udongo mweusi wa Kano, kule kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero, hunywa mwanga wote na kukuacha na shingo yenye giza. Nyasi hukupa kidevu cha kijani. Hapo ndipo manila inapoingia: mwenzako aishike kifuani kwako, chini ya picha, upande mweupe ukielekea juu, aiinamishe mpaka aone macho yako yamepata nukta ya mwanga. Ukiwa peke yako, iweke mapajani ukiwa umekaa. Watu watacheka. Waache.

Ngozi nyeusi haihitaji mwanga mwingi, inahitaji mwanga wa upande. Jua la jioni likipiga shavu moja na kuacha jingine kivulini, ngozi inatoa mng'ao wake yenyewe na hakuna poda inayoweza kuiga. Ukilitazama jua uso kwa uso utapata macho yaliyokunjwa na paji linalomeremeta.

Hatua ya 6: Simu

1. Futa lenzi. Kila mara. Ukungu ule unaoulaumu kwenye picha zako ni mafuta ya kupaka na mandazi.
2. Washa mistari ya gridi, ikusaidie upeo wa ziwa usiteremke upande mmoja.
3. Tumia kamera ya nyuma. Ile ya selfi ni dhaifu karibu kwenye kila simu.
4. Gusa uso kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi ifungike, kisha shusha mwangaza kidogo kwa kidole. Simu hupenda kuinua mwanga mpaka mbingu inageuka karatasi. Anga ikirudisha rangi yake na uso bado unasomeka, hapo hapo.
5. Kwa picha ya mwili mzima, anayepiga ashushe simu hadi kiunoni mwake, arudi nyuma hatua nne, na kama simu ina lenzi ya mara mbili aitumie. Akipiga toka juu akiwa karibu, utakuwa kichwa na vidole vya miguu.
6. Uko peke yako? Weka saa ya sekunde 10, egemeza simu kwenye jiwe na kandambili. Pima upepo kwanza. Yangu ilianguka kifudifudi, ndiyo maana ina ufa.

Hatua ya 7: Piga, na uombe ruhusa

Piga kwa mafungu ya kumi, kisha simama uangalie, usogeze kitu kimoja, uendelee. Usipige 80 mfululizo ukidhani moja itatokea yenyewe.

Mtu mwingine akiwa kwenye picha yako na anatambulika, muombe. "Mzee, naomba nipige hapa karibu na boti yako" huchukua sekunde tatu, na mara nyingi mzee ataanza kukuelekeza pahali pazuri zaidi maana yeye anaona lile jua kila siku. Ukimkuta mama anakaanga samaki na umetumia moshi wake nusu saa, nunua samaki. Watoto usiwapige bila mzazi kujua, hata wakikufuata wakipaza sauti. Simu yako isielekee bandarini, uwanja wa ndege, vituo vya polisi wala vizuizi vya barabarani.

Hatua ya 8: Usiku, chagua

Bakiza kumi, futa zilizobaki kabla hujalala. Kwenye kuhariri, punguza kivuli kidogo, ongeza joto kidogo, basi. Vichujio vinavyokupausha ngozi viache huko viliko.

Ikikataa

*Uso wangu umekuwa mweusi tii na ziwa linaonekana vizuri.* Jua liko nyuma yako na fokasi ilikamata maji. Gusa uso. Ikishindikana, geuka robo, au ingiza manila.

*Ngozi inaonekana kijivu kama majivu.* Ama uko chini ya mawingu mazito, ama simu imepoza rangi. Kwenye mpangilio wa rangi chagua alama ya wingu, au ongeza joto baadaye. Angalia pia shati: bluu ya barafu karibu na shingo hufanya hivyo hivyo.

*Nina vivuli vyeusi chini ya macho.* Ni mchana. Ingia kibarazani. Mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita utosini kabisa, na kofia ya ukingo mpana haitakuokoa, itakuongezea kivuli cha pili.

*Mvua imeninyeshea.* Kando ya ziwa mvua ya mchana hupenda kuja na ngurumo, na siku nyingine huondoka kabla ya jioni. Ngurumo ikisikika, toka majini na ufukweni, uingie ndani. Ikikatika, usiende nyumbani. Lami iliyolowa, vumbi limetua, anga imeoshwa: zile dakika 25 zinazofuata ndizo bora za mwezi mzima. Mwavuli nao, ukiwa mweupe au wa rangi ya maziwa, unafanya kazi ya pazia la taa.

*Naona aibu kupigwa picha mbele za watu.* Nenda asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu kila mtu ana shughuli zake. Anza na picha zisizo na uso: mikono, viatu kwenye udongo mwekundu, mgongo na leso.

*Kwenye kioo nguo ilikuwa nzuri, kwenye picha inanifanya gunia.* Ulijitazama kwenye kioo chini ya balbu, umesimama mbele. Vaa tena, simama mlangoni, upande mmoja ukielekea nje. Pale kitambaa kinaposhika kivuli kirefu ndipo fundi anapotakiwa kubana. Mpelekee picha hiyo, ataelewa haraka kuliko ukieleza kwa mkono.

*Gugumaji limefunika ufukwe, hakuna maji ya kupiga.* Usirudi. Lile zulia la kijani hurudisha mwanga sawasawa na likiwa na maua, zambarau yake ni ya bure. Vaa haradali.

*Nimeenda Dunga mara tatu, picha ni zile zile.* Lipe ziwa mgongo. Nyavu zilizoanikwa, mizani ya samaki, mlango wa bluu wa kibanda kinachouza chai, omena zilizotandazwa juani ziking'aa kama sarafu: hivyo vyote viko upande wa nyuma yako, na mwanga ule ule unavigonga. Anza na mlango.